Prosesa na Punda

Machogu alimpa punda wake jina la Ombui.

Halikumponyoka. Alilitangaza mchana kweupe mbele ya duka la Mokua pale Nyansiongo, siku alipomshinda jirani yake Ombui drafti kwa mara nyingine na kubaki na kete saba ubaoni. Alivikusanya vifuniko vya soda wanavyochezea, akavitia kwenye kofia yake, akasema, “Sasa nina Ombui wawili. Mmoja akionyeshwa njia anaiona. Huyu mwingine bado.”

Watu walicheka. Mokua mwenye duka alicheka mpaka chai ikampitia puani.

Ombui alidhani utani ungeisha pamoja na ile chai. Haukuisha. Punda wa Machogu ndiye aliyevuta mkokoteni wa maziwa kwenda kituoni kila asubuhi, na njia ya kituoni ilipita langoni mwa Ombui. Basi kila kulipokucha, Ombui akiwa amechutama chini ya ng'ombe wake mweusi, alisikia kutoka ng'ambo ya ua: “Ombui, panda. Ombui, acha nyasi za watu. Ombui, hapa ni kwa mwenzako, usinye.”

Kwa Abagusii jina si shati, kwamba utalivua likichafuka. Ombui alipewa jina la babu yake aliyefariki, ili mzee arudi nyumbani na aendelee kuitwa. Babu huyo alikuja Borabu wazungu walipoondoka, akiwa na ng'ombe mmoja na shoka moja, akang'oa visiki vya shamba lote ambalo Ombui analilima leo. Machogu alilijua hilo vizuri, maana babu yake mwenyewe ndiye aliyeshika ncha ya pili ya msumeno. Nao wajukuu walikalia dawati moja shuleni, wakaacha shule mwaka mmoja, wakaoa mwaka mmoja. Na sasa Machogu alikuwa amemfunga mzee wa watu kwenye mkokoteni na kumchapa kwa kipande cha mpira wa maji.

Kilichomkata Ombui maini kabisa ni siku ya Sheila. Wazee wa Masimba walikuja kujitambulisha, kijana wao anamtaka binti yake wa mwisho. Walipofika langoni walimkuta Machogu anarudi kutoka kituoni.

“Mzee,” mmoja wao aliuliza, “kwa Ombui ni hapa?”

“Inategemea,” Machogu akajibu. “Mnamtaka wa miguu miwili ama wa miguu minne?”

Mazungumzo yalifanyika, chakula kililiwa, na Sheila hakuharibikiwa. Lakini kila msemaji aliposimama na kutamka “mzee wetu Ombui”, kuna mtu upande wa wageni alikohoa ndani ya leso. Ombui aliwaona. Alikaa kwenye kiti chake cha mwenye nyumba, koti la kanisani limembana kwapani, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Jioni hiyo mkewe Bitutu alimwambia, “Nenda umwambie abadilishe hilo jina.”

“Nikimwambia atajua limeniuma.”

“Kwani hajui? Baba Sheila, hata punda anajua.”

“Nitamshinda mbele ya watu wale wale. Ndipo nitamwambia.”

“Hujawahi kumshinda.”

“Zamani nilikuwa namshinda.”

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomnyima Ombui usingizi. Miaka nenda rudi Machogu alikuwa mchezaji wa kawaida tu, mtu wa kusukuma kete na kuomba Mungu. Halafu ghafla akawa hashikiki. Anakutegea, unakula, anakula mara mbili. Ujuzi huo aliutoa wapi? Mtu wa umri ule hapati akili mpya hivi hivi.

Jibu alilipata kwenye makambi ya Wasabato. Esnah, dadake Machogu, mjane wa Mwalimu Bosire wa Nyacheki, alikaa mkeka mmoja na Bitutu na Ombui wakati wa chakula, na wajane wakishiba husema.

“Huyo kaka yangu msimsifu,” Esnah alisema. “Alikuwa hatoki kwangu. Nilidhani anakuja kunifariji, kumbe amefuata kompyuta ya marehemu. Mwalimu aliiwekea mchezo wa drafti, hii drafti yetu ya vifuniko, na sheria zetu zote. Alihangaika nayo miaka akiwa amestaafu. Sasa Machogu anakaa mbele yake kutoka chai mpaka chai, namfukuza kama kuku.”

Ombui aliacha kutafuna. “Na anaishinda?”

“Ile ina namba, moja mpaka nane. Ukiongeza namba inazidi ukali. Machogu alifika tano. Akiweka nane, kompyuta inaanza kufikiri, inafikiri, inafikiri, mpaka yeye analala pale na mate yanamtoka. Akaachana nayo.”

“Shemeji, hiyo kompyuta bado unaihitaji?”

“Naihitaji ya nini? Ninachohitaji ni ile meza.”

Ombui alimpelekea Esnah mtamba wake mzuri, ndama jike aliyekaribia kupandwa, binti wa yule ng'ombe mweusi. Bitutu alisimama langoni akimtazama mtamba akipakiwa kwenye gari. Ombui akarudi kutoka Nyacheki na boksi la chuma lililokuwa jeupe zamani na sasa lina rangi ya meno ya mvuta tumbaku, pamoja na skrini nene ya kichogo. Alivifunika kwa majani ya ndizi ili njiani waone ndizi. Akaviweka stoo, juu ya magunia ya chakula cha ng'ombe, akafunga mlango.

Akaanza na namba tano. Mchezo wa kwanza tu nywele zilimsimama. Kila mtego aliokuwa akitegewa mbele ya duka la Mokua ulikuwa mle ndani. Ilikuwa kama kumsikia Machogu akikohoa ndani ya boksi. Alicheza, akapigwa, akacheza, na kwa kuwa sasa alimjua mwalimu wa adui yake, baada ya muda alianza kutoka sare.

Sare haimvui mtu aibu. Akabonyeza nane.

Kompyuta ikafikiri. Ombui akaenda kukamua, akapeleka maziwa, akarudi, akakata majani ya ng'ombe, akanywa uji. Alipofungua stoo, ilikuwa ndiyo kwanza imesukuma kete moja. Aliijibu kwa kete yake, ikaanza tena. Kwa mwendo huo mchezo mmoja ungemaliza msimu wa mahindi. Lakini ile kete moja iliyosukumwa Ombui aliitazama sana, kwa sababu haikuwa kete ambayo Machogu angeisukuma kamwe. Mle ndani kulikuwa na mwalimu ambaye Machogu hakuwahi kumsubiri.

Alipiga picha tumbo la kompyuta kwa simu yake, akashuka Kisii mjini.

Kwenye vichochoro vya nyuma ya soko kuna duka la Istarlin, mama wa Kisomali anayeuza kompyuta kuukuu na vipuri vyake, amezungukwa na makatoni hadi darini. Alizitazama picha za Ombui akakunja uso.

“Mzee, hii ilizaliwa kabla ya watoto wangu. Nikuuzie laptop nzuri.”

“Sitaki laptop. Nataka hii hii, ila ifikiri haraka.”

“Ifikiri nini?”

“Kuna mtu.”

Istarlin akamwangalia vizuri. “Unataka kompyuta imuue mtu?”

“Imuaibishe. Akitaka kufa baadaye ni shauri yake.”

Mama yule alicheka, lakini aliinuka. Alichimba katoni moja, akachimba lingine, akatoa kitu kama biskuti ndogo ya mraba yenye miguu mingi myembamba chini yake. “Hii ndiyo prosesa. Ndiyo ubongo. Kwa bodi yako, hii ndiyo yenye mbio kuliko zote zinazoingia. Zaidi ya hapa haiwezi. Niletee boksi nikuwekee mwenyewe, hata chai haitapoa.”

“Hapana. Kisii hii ni kijiji chenye lami. Nikipita na boksi hapo nje, Machogu atajua kabla sijarudi nyumbani.”

“Haya. Basi sikiliza, usitikise kichwa tu.” Akamwonyesha kwenye bodi mbovu iliyokuwa mezani. Unafungua chuma cha kupoza. Unainua kimkono hiki, prosesa ya zamani inatoka bila kuvutwa. Mpya unaiangalia kona, ina alama, alama ikae juu ya alama. Inaingia kwa uzito wake yenyewe. Ukisukuma umeivunja miguu. Vikofia hivi vidogo vya plastiki vinaiambia bodi mbio za ubongo mpya, vihamishe hapa na hapa. “Halafu hii.” Alimkamulia pesti ya kijivu kwenye karatasi ya nailoni, akaifunga kama dawa ya mtoto. “Inakaa kati ya prosesa na chuma. Ndiyo inayotoa joto. Kiasi cha punje ya mahindi, na usikose kuipaka.”

“Nikikosa?”

“Utaunguza.”

Ombui alifanya kazi hiyo mchana, mvua ikipiga mabati ya stoo, miwani ya Bitutu ikiwa puani. Alipofungua tena kifuniko, lile vumbi lilikuwa bado limelala kama blanketi na mende wamekaukia kwenye kona. Alifuta kwa brashi ya kunyolea. Chuma cha kupoza kilikuwa kimegandamana, akakizungusha polepole mpaka kikaachia. Akainua kimkono, ubongo wa Mwalimu Bosire ukatoka mkononi mwake, mwepesi kama kipande cha kigae. Akaupuliza, akauweka pembeni kwa adabu.

Ule mpya ulikataa kukaa. Alikuwa ameshapaka pesti kabla ya kuuingiza, kwa pupa, na sasa kona haikuwa kona yake. Akaugeuza, akaugeuza tena, vidole vikateleza, na ulipokubali kushuka mahali pake, pesti yote ya Istarlin ilikuwa kwenye vidole vya Ombui na kwenye shati lake la kazi. Juu ya prosesa hakukubaki kitu.

Angeweza kurudi Kisii. Lakini mvua ilikuwa inanyesha, na siku ile asubuhi Machogu alikuwa amepita akiimba. Ombui akatazama huku na huku, macho yakatua kwenye mkebe wa mafuta ya kukamulia.

Mfugaji wa Borabu ana imani mbili. Ya kwanza iko kanisani, ya pili iko kwenye mkebe huo. Mafuta ya kukamulia hupakwa chuchu ya ng'ombe iliyopasuka, mikono ya mkamuaji, kisigino cha bibi, bawaba inayolia, mdomo wa mtoto wakati wa baridi. Ombui hakuwahi kuona yakishindwa na kitu. Aliyachota kwa kidole, si punje ya mahindi bali gunzi, akayapaka juu ya prosesa, akafunga chuma na feni juu yake. Mkebe akauacha pale stoo, huenda ukahitajika tena.

Akawasha. Akabonyeza nane.

Kompyuta ilicheza kabla hajamaliza kupiga chafya.

Msimu ule wa mvua Ombui aliishi stoo. Alipigwa kama ngoma. Mwalimu mpya hakuwa na huruma wala maneno. Alikuachia njia, ukaipita, ukajikuta umesimama peke yako kati ya kete zake. Ombui alijifunza kwa kuumia, kama alivyojifunza kila kitu maishani. Sabato tu ndiyo kompyuta ilipumzika, na pengine ndiyo sababu ilidumu. Alikuwa akikamua kwa haraka huku kichwani anasukuma kete, hamalizii maziwa ya mwisho, hapaki mafuta kwa sababu mkebe uko stoo na kuufuata ni kupoteza muda. Chuchu moja ya ng'ombe mweusi ilipasuka, ikavimba, ikawa moto.

“Huyo ng'ombe ananiangalia kama anataka kunishtaki,” Bitutu alimwambia kupitia mlangoni. “Baba Sheila, mzaha mzaha hutumbua usaha. Hapa usaha nimeshauona, uko kwenye kiwele.”

“Mwite daktari.”

“Nilimwita. Alisema tumechelewa. Chuchu hiyo imekufa.”

“Amebaki na tatu,” Ombui alisema, bila kuondoa macho kwenye skrini.

Baadaye kompyuta ilianza kunuka. Haikuwa harufu mbaya mwanzoni; ilikuwa harufu ya zizi la kukamulia, ya mafuta yaliyopata joto. Halafu ikawa inazimika katikati ya mchezo. Ombui aliipumzisha kama anavyopumzisha fahali wa plau, akaivua kifuniko, akaipepea kwa sinia. Inawaka, wanacheza, inazimika.

Mchezo wa mwisho kompyuta ilimfundisha kitu kimoja. Katika drafti yetu ukionyeshwa chakula lazima ule. Kukataa ni kosa. Kompyuta ilimpa kete moja, akala. Ikampa ya pili, akala. Ikampa ya tatu, akala akicheka. Kisha kete moja ya nyuma, ambayo haikuwa imetikisika tangu mwanzo, ikaruka juu ya kete zake tano na kutua mwisho wa ubao ikiwa kingi. Ombui alirudia mchezo ule kete kwa kete, akarudia tena, mpaka vidole vyake vikaujua. Ndipo kukasikika tik, skrini ikafa, na moshi mwembamba ukatoka, unanuka kama mandazi yaliyosahauliwa kwenye mafuta.

Alipofungua alikuta prosesa imekuwa nyeusi na mafuta yametiririka hadi kwenye matundu ya miguu, yameganda rangi ya kahawia. Hakusikitika. Alifunika boksi kwa gunia, akaenda kunyoa ndevu.

Jumapili alimkuta Machogu mahali pake, kwenye benchi la Mokua.

“Ombui,” Machogu alisema. “Umetoka zizini? Karibu.”

“Mchezo mmoja tu,” Ombui alisema. “Nikishinda, punda ni wangu. Na wewe utabeba maziwa yako mgongoni mpaka kituoni, mvua hizi zote mpaka ziishe.”

Mokua aliacha kupangusa kaunta.

“Na nikishinda mimi?” Machogu akauliza.

“Mwite na mbwa wako Ombui. Liite na choo.”

“Choo changu kina heshima yake,” Machogu alisema, na watu wakacheka, naye akapanga vifuniko.

Alicheza namba tano. Ombui alikuwa anaijua namba tano kama njia ya kwenda kisimani. Alimwacha Machogu atege, akapita pembeni. Akatega tena, akapita tena. Mpaka katikati ya mchezo walikuwa sawa. Kisha Ombui akasukuma kete mdomoni mwa Machogu.

Machogu akala. Ombui akampa ya pili.

“Jamani, Ombui ananilisha,” Machogu alisema. “Kwake nyumbani ng'ombe wanalishwa hivi?”

Ombui akampa ya tatu. Machogu alikula, akageuka kuwaangalia watu ili wacheke pamoja naye, na alipogeuka tena Ombui alikuwa ameshika kete ya nyuma. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Kifuniko kiligonga ubao kila kiliporuka, kikatua mwisho.

“Kingi,” Ombui alisema.

Mkono wa Machogu ulibaki juu ya ubao, hauna pa kwenda. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, “Hii umeitoa wapi?”

“Namba nane.”

“Esnah,” Machogu alisema. Akatikisa kichwa. “Lakini ile nane haichezi. Mimi nililala mbele yake.”

“Niliibadilisha ubongo.”

Machogu alimtazama mwenzake wa dawati moja, na uso wake ukafunguka kwa kicheko, si kile cha kucheka mtu bali kile cha zamani. “Omosani,” alisema, yaani rafiki, neno ambalo hakuwa amemwita tangu punda apewe jina, “ulikwenda mpaka ndani ya kompyuta kunitafuta? Haya, nimeshindwa. Mokua, umesikia, nimeshindwa. Kuanzia kesho punda nitamwita jina lingine, hata la mke wangu nikitaka kufa. Yameisha. Nipe mkono.”

Aliunyoosha mkono wake juu ya ubao.

Hapo ndipo pangeisha. Jina lilikuwa limerudi, mbele ya watu wale wale. Mokua alimwashiria Ombui kwa kidevu: shika. Lakini Ombui alikumbuka koti lililombana kwapani na leso za wazee wa Masimba.

“Tulisema mgongo,” akasema.

Basi Machogu akabeba mgongo. Neno lake lilikuwa neno. Kila asubuhi alipanda kile kilima cha kwenda kituoni, mtungi umefungwa kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, kama wanawake wanavyobeba kuni, na kila asubuhi Ombui alikuwa langoni mwake na kikombe cha chai. Chai haikuwahi kuwa tamu vile.

“Machogu, panda,” alikuwa akisema. “Machogu, acha nyasi za watu. Machogu, hapa ni kwa mwenzako.”

Na punda, sasa yuko ndani ya boma lake, alimpa jina jipya. Alimwita Machogu. Punda alimtazama, akaendelea kutafuna. Ombui alimwita kwa upole, akamwita kwa fimbo, akamwita kwa pumba mkononi. Punda hakutikisa hata sikio. Bitutu alikuwa anapita na ndoo.

“Hajui drafti, huyo,” akasema.

Kisha ikaja asubuhi ya utelezi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake, na udongo wa Nyansiongo ukishiba maji huwa sabuni. Ombui alimwona Machogu akitokea kwenye kona, ameinama, miguu ya suruali imekunjwa. “Machogu, panda,” alisema. Machogu aliinua uso amjibu, pengine alikuwa amepata jibu zuri, na mguu ukamponyoka. Mtungi ulimtangulia, kifuniko kikaruka, maziwa yakashuka barabarani meupe juu ya udongo mwekundu. Ombui alicheka. Alicheka kwa pumzi yote, mpaka alipoona kwamba mguu wa mwenzake unatazama upande ambao mguu wa mtu hautazami.

Walimlaza kwenye mkokoteni, Ombui na Bitutu, juu ya magunia. Gari la kwenda hospitali lilipatikana barabarani juu, na njia ya kufika huko ni ule mlima. Ombui alimfunga punda, akashika hatamu.

“Machogu, panda,” akasema.

Punda alisimama.

“Machogu. Machogu, panda!”

Majirani walikuwa wameshatoka. Kuna waliosimama kwenye migomba, kuna waliosimama barabarani kwenye maziwa. Nyuma yake mkokotenini Ombui alisikia pumzi ya mwenzake, fupi fupi, kama ya ng'ombe anayezaa. Akavuta hatamu kwa mikono miwili. Akachapa. Punda akageuza kichwa, akamwangalia.

“Mwite jina lake,” Machogu alisema, meno yamefungwa.

Ombui akachapa tena.

“Nakufa, omosani. Mwite jina lake.”

Bitutu alikuwa ameshika kichwa cha Machogu mapajani. Hakumwangalia mumewe. Ombui akatazama mlima, akafungua mdomo.

“Ombui,” akasema. “Ombui, panda.”

Na punda akapanda, tena kwa mwendo mzuri, na ilibidi Ombui amwite njia nzima, maana aliponyamaza naye alisimama.

Machogu yuko Kisii kwa mtoto wake. Wanasema hatarudi kuishi mlimani. Ombui alimpelekea maziwa mara moja. Mgonjwa aliyapokea, akamshukuru kama mtu anavyomshukuru mgeni, wakazungumzia mvua. Mbele ya duka la Mokua benchi lipo na ubao upo. Ombui akiketi hakuna anayeketi upande wa pili. Siku moja alimwomba Mokua mwenyewe wacheze.

“Mgongo wangu mbovu, mzee,” Mokua alisema.

Akarudi nyumbani, akafunua gunia, akabonyeza kitufe cha ile kompyuta. Haikuwaka.

Hesabu yenyewe ni hii. Mtamba mmoja, sasa yuko Nyacheki na ameshazaa. Chuchu moja ya ng'ombe mweusi. Prosesa moja, na kompyuta nzima iliyohangaikiwa na Mwalimu Bosire miaka yote, hakuna nyingine kama hiyo. Mtungi mmoja wa maziwa, umebonyea. Paja moja la Machogu, limeungwa kwa chuma. Mtu mmoja wa kucheza naye drafti. Jina la babu: bado liko kwenye mkokoteni, na anayeliita kila asubuhi ni mwenyewe Ombui.